Gari Linapokwenda Mrama: Somo la Usukani Uliolegea



Somo la safari hii ni la gari. Vikundi vingi vinavyoleta mali Mombasa, ikiwa ni nazi, maembe, mihogo au samaki, hutegemea Land Rover au Land Cruiser kuukuu iliyonunuliwa kwa michango ya miaka mingi. Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi umri wa miaka 8. Kwa hivyo fowili kuukuu inayouzwa hapa kwetu kwa kawaida imekuwa hapa hapa siku nyingi, imepita mashambani, maofisini na kwenye miradi, na kushikwa na madereva wasiohesabika kabla ya kuwafikia nyinyi. Injini yake huenda bado ni nzima. Bodi yake huenda imepakwa rangi mpya. Lakini ukiipeleka barabara kubwa unaona haitaki kunyooka. Unaishika iende kulia kidogo, inakwenda kushoto. Unairudisha, inapita kiasi. Dereva anashinda akizungusha mikono kama anayekoroga ugali.

Mtu wa Mji wa Kale atasema gari hilo linakwenda mrama, kama jahazi lililoingia mawimbini. Neno hilo linafaa. Usukani ulikuwa wa chombo cha baharini kabla ya kuwa wa gari, na nahodha anajua kwamba chombo kikikataa kushika njia, huenda kosa liko kwenye usukani, huenda liko kwenye shehena, na huenda ni upepo tu. Hang'oi kitu kabla ya kuangalia yote matatu. Sisi nasi tufuate njia hiyo hiyo, maana ugonjwa huu unakula fedha za vikundi kwa namna moja tu: kikundi kinanunua spea kwa kukisia. Leo kimebadilisha hiki, kesho kile, mfuko umekwisha na gari bado linayumba. Msinunue kitu chochote cha usukani kabla ya kuona kwa macho yenu ni kiungo kipi kinacheza. Kuona hakulipiwi. Kunataka watu wawili, jeki, chaki na nusu siku.

Ndia Kuu haitawaambia kitu

Tuanze na jambo ambalo huwapoteza wengi wanaponunua. Gari likipita Ndia Kuu kutoka upande wa Fort Jesus kwenda Bandari ya Kale, linakwenda mwendo wa mkokoteni. Kuta ziko huku na huku, watoto wanacheza, mbele kuna mtu na baiskeli yake. Dereva anakata kona moja baada ya nyingine, na usukani unapokatwa hivyo viungo vyake vinabanwa upande mmoja na ule ulegevu hauonekani. Gari bovu na gari zima hapo ni sawasawa. Muuzaji akikuzungusheni Kibokoni na Makadara halafu akasema, "Si mmeona wenyewe, halina neno," hajasema uongo, lakini hamjaona kitu.

Ugonjwa huu hujitokeza usukani unapokaa katikati na gari linaponyooka kwa mwendo: ukishavuka daraja la Nyali kuelekea Malindi, au ukishateremka feri Likoni na kushika barabara ya Ukunda. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kila sekunde moja. Dereva akipoteza nusu sekunde kungojea usukani ushike, gari limeshakwenda mita 11, na lori linalokuja halingojei. Nyuma mmepakia watu, au mama mjamzito anayewahishwa hospitali. Hiyo ndiyo sababu hatulihesabu jambo hili kuwa ni la mafundi peke yao.

Kwa hivyo gari lijaribiwe kwenye njia iliyonyooka na tambarare isiyo na magari mengi, kwanza kilomita 40 kwa saa, halafu 60. Dereva alegeze vidole, asiachie usukani. Lijaribiwe tupu, na lijaribiwe tena na mzigo wake wa kawaida. Mzigo ukilundikwa mwisho kabisa nyuma ya ekseli, pua ya gari inainuka, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na gari linatangatanga hata kama kila nati ni mpya. Hilo dawa yake ni kupanga mzigo. Msisahau upepo pia. Kusi ikivuma juu ya daraja hulisukuma gari refu la bodi bapa kama Land Rover, na huo si ugonjwa. Barabara nayo ina mgongo, na kwa kuwa sisi huendesha upande wa kushoto, gari huteremka polepole kuelekea kushoto ukiliachia. Hilo nalo si ugonjwa.

Sikilizeni dereva anasema nini

Dereva akisema tu "steringi mbaya", mwulizeni zaidi. Yako malalamiko manne na kila moja lina chanzo chake. Kuna usukani unaocheza, yaani unauzungusha kidogo na magurudumu hayajibu. Kuna gari linalotangatanga, mara huku mara kule. Kuna gari linalovuta upande mmoja siku zote. Hapo angalieni upepo wa tairi na breki inayoshika upande mmoja. Na kuna usukani unaotetemeka mkononi, hasa baada ya kupiga shimo. Huo mara nyingi hutokana na gurudumu lisilo sawa, beringi au kingpini. Somo letu ni la hayo mawili ya kwanza, ambayo huja pamoja lakini si kitu kimoja. Baadaye tutaona gari linalotangatanga ambalo usukani wake hauchezi hata kidogo.

Ulegevu upimeni badala ya kuukisia. Gari lisimame magurudumu yakiwa yamenyooka, na kama lina pawa steringi injini iwake. Mtu mmoja achutame nje akiangalia gurudumu la mbele. Dereva azungushe usukani polepole kushoto mpaka yule wa nje aseme "limesogea", hapo atie alama ya chaki kwenye ukingo wa usukani. Arudi kulia mpaka lisogee tena, atie alama ya pili. Pimeni kati ya alama hizo mbili. Kule Uingereza, wakaguzi hulikataa gari la aina hii, lenye sanduku la usukani, kama alama zimezidi milimita 75 kwa usukani wenye upana wa milimita 380. Hicho ni kipimo cha kulisimamisha gari, si cha afya. Kabla ya kufika hapo dereva huwa ameshachoka mikono. Andikeni namba hiyo kwenye daftari la gari pamoja na tarehe, ili baada ya matengenezo mpime tena na kujua kama fedha zenu zimefanya kazi.

Tairi kwanza

Watu wanapenda kuanza na spana, lakini anzeni na tairi. Tairi za mbele zikiwa na upepo mdogo, usukani unakuwa mzito na gari linachelewa kujibu. Zikiwa na upepo tofauti kushoto na kulia, gari linavuta. Kipimo kimeandikwa kwenye kibati cha gari au kwenye kitabu chake, na kipimeni asubuhi tairi zikiwa baridi. Angalieni pia kama tairi mbili za mbele ni za aina moja na ukubwa mmoja. Tumeona magari yenye tairi ya tope upande mmoja na ya lami upande wa pili, na watu wanatafuta ubaya kwenye sanduku la usukani!

Kisha pitisheni kiganja juu ya meno ya tairi, kutoka nje kwenda ndani halafu kutoka ndani kuja nje. Kikienda laini upande mmoja na kukwaruza upande wa pili, tairi inaburuzwa ubavu, maana yake magurudumu hayatazami sawasawa. Tairi iliyolika ukingo mmoja inasema vivyo hivyo.

Jambo jingine dogo: hakikisheni fowili haijafungwa. Kwa magari ambayo magurudumu ya mbele huunganishwa na injini pale tu yanapohitajika, kuyaacha yameunganishwa kwenye lami kunafanya usukani ukaze na gari kushindana na dereva. Utingo wa jana alifunga kwenye mchanga na leo hakuna aliyekumbuka kufungua.

Mmoja ndani, mmoja chini

Hapa ndipo penye somo lenyewe, na tunaomba msiharakishe. Gari likae chini kwa magurudumu yake yote, lisiinuliwe. Wekeni mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe. Mtu mmoja akae ndani. Mwingine alale mbele ya gari na tochi, nguo zisizoning'inia, na kitambaa cha kufutia tope na grisi ili viungo vionekane. Wa ndani azungushe usukani kidogo tu, upana wa kiganja, kushoto na kulia, bila kusimama. Asikate kabisa. Wa chini afuate safari ya nguvu tangu inapotoka mkononi mpaka inapofika kwenye gurudumu, kiungo kwa kiungo, na kila kiungo akiulize swali moja: huyu wa kwanza akisogea, wa pili anasogea papo hapo, au anangoja?

Anaanza kwenye mti wa usukani unaoshuka kutoka ndani. Magari mengine, kama Land Rover za 110, yana viungo vidogo vya msalaba kwenye mti huo, na kiungo kilicholika kinacheza kabla nguvu haijafika popote. Halafu sanduku la usukani. Mti unaoingia unazunguka. Je, mkono unaotoka chini unaitika? Na je, sanduku lenyewe linatikisika kwenye bolti zake? Wekeni kidole pale sanduku linapokutana na chesisi. Likisogea hata unene wa ukucha, mmeshapata ugonjwa na hamjatumia hata shilingi.

Kutoka hapo fuateni vyuma virefu. Kimoja, ambacho mafundi hukiita draglinki, hupeleka nguvu kutoka kwenye sanduku kwenda kwenye gurudumu. Kingine, tairodi, huunganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Kila ncha ina kiungo cha mpira wa chuma ndani ya kikombe, ndicho tairodi endi. Shikeni kila kimoja kwa kiganja, vidole nje ya mahali vinapoweza kubanwa, huku mwenzenu anaendelea kuzungusha. Kiungo kilichokufa mnakisikia kwa mkono kabla ya kukiona: kinagonga tik, tik. Kiungo kizima kinazunguka bila kupanda na kushuka. Kama kofia yake ya mpira imepasuka na mchanga umeingia, hata kama leo hakigongi, andikeni.

Land Rover za zamani za springi bapa, zile za Series II, IIA na III zilizotengenezwa kuanzia 1958 mpaka 1985, zina viungo vya namna hiyo sita. Zaidi ya hivyo zina kitu kimoja ambacho magari mengine mengi hayana: rilei, bomba lililosimama ndani ya chuma cha mbele cha chesisi, lenye mkono juu na mkono chini. Mkono wa juu ukisogea na wa chini ukangoja, au mikono ikipanda na kushuka, rilei imekwisha au nati zake zimelegea. Viungo sita, kila kimoja kikiwa na kaulegevu kadogo kasichomtisha mtu, vikijumlishwa pamoja na rilei vinatoa usukani wa kuogofya. Ndiyo maana kikundi kinabadilisha kimoja na hakioni tofauti.

Tunaonya juu ya rilei hiyo. Ndani yake mna springi kali iliyobanwa. Fundi asiyeijua akiifungua ovyo inaruka kama risasi, na inaweza kumtoboa mtu. Mwulizeni kwanza kama amewahi kuifungua. Akisitasita, mtafuteni mwingine.

Sasa jeki

Mkimaliza hapo ndipo muinue gurudumu moja la mbele. Msilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Wekeni gogo nene au stendi chini ya ekseli. Shikeni gurudumu juu na chini, mkono huu usukume na huu uvute. Likitikisika, kuna mambo mawili: beringi ya gurudumu, au kingpini ambazo gurudumu huzungukia linapokata kona. Kuyatenganisha ni rahisi. Mtu akanyage breki na mtikise tena. Ulegevu ukipotea, ni beringi, kwa sababu breki imelifunga gurudumu na kikombe chake. Ukibaki, ni kingpini. Halafu shikeni kushoto na kulia mtikise. Kama juu na chini palikuwa imara na hapa panacheza, rudini kwenye viungo vya tairodi.

Beringi iliyolegea mara nyingi haihitaji kununuliwa. Inafunguliwa, inaoshwa, inaangaliwa, inatiwa grisi mpya na kukazwa kwa kipimo. Ikiwa imebadilika rangi kwa moto au ina vishimo, hiyo ni ya kutupa.

Chumvi, springi na chesisi

Watu wa pwani wana adui ambaye watu wa bara hawamjui sana. Bodi ya Land Rover za zamani ni ya aluminiamu, haili kutu kama chuma. Kwa hivyo gari linakaa linang'aa miaka na miaka, na chini yake chesisi ya chuma inaoza polepole kwa chumvi ya hewa na maji ya bahari ya pale feri na ufukweni mnapopakia samaki. Mnunuzi anagonga mlango, anafurahi. Agonge chesisi! Chukueni nyundo ndogo mgonge pande zote za mahali sanduku la usukani linapofungwa na mahali springi zinaposhikwa. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya boksi la karatasi. Tafuteni pia nyufa zinazoanzia kwenye matundu ya bolti. Viungo vipya vikifungwa kwenye chesisi iliyooza, ni kama mlango mpya kwenye ukuta wa udongo ulioloa.

Halafu springi. Kama gari lina springi bapa zilizopangwa moja juu ya nyingine, ekseli nzima imeshikwa na springi hizo, bushi zake za mpira na zile bolti za umbo la U. Bushi zikilika ekseli inatembea mbele na nyuma, na gari linajikata lenyewe bila dereva kugusa kitu. Ya nyuma pia. Wengi hawaamini kwamba ekseli ya nyuma inaweza kuelekeza gari, lakini ikisogea upande mmoja kidogo tu, gari linageuza uso kila mnapokanyaga na kuachia mafuta. Mkiona gari linahama njia kwa mafuta badala ya usukani, angalieni nyuma. Chukueni uzi, pimeni kutoka kwenye ekseli mpaka alama moja ya chesisi, kushoto, halafu kulia. Uzi usipolingana, kuna springi iliyohama au bolti ya katikati iliyokatika.

Magari ya springi za kuzunguka, kama Land Rover za 110 zilizoanza 1983 na Land Cruiser za 78 na 79 zilizoanza 1999, hushikwa kwa namna nyingine: vyuma virefu vinavyozuia ekseli isiende mbele na nyuma, na chuma kimoja kilicholala mshazari kinachozuia isiende kushoto na kulia. Chuma hicho cha mshazari, na bushi zake za ncha mbili, ndicho cha kwanza kuangaliwa. Mwenzenu akizungusha usukani na mkaona bodi inasogea ubavu kabla magurudumu hayajakata, mmeshakipata.

Sanduku la usukani lije mwisho

Fundi mwenye haraka mtamtambua kwa jambo moja. Anafika, anazungusha usukani, anafungua boneti, anatafuta skrubu iliyo juu ya sanduku la usukani na nati yake ya kufungia, anaikaza robo mzunguko. Usukani unashika. "Jaribuni sasa." Kweli, ulegevu umepungua, analipwa, anaondoka.

Skrubu hiyo ina kazi yake halali. Lakini sanduku hulika zaidi pale katikati, mahali usukani unapokaa muda mwingi wa safari, na hulika kidogo pembeni. Likikazwa mpaka katikati pawe imara, pembeni panabana. Usukani haurudi wenyewe baada ya kona, dereva lazima aurudishe, anapitisha kiasi, anaurudisha tena, na gari linatangatanga upya kwa sababu nyingine. Vibaya zaidi, unaweza kukwama katikati ya kona. Na kama ugonjwa ulikuwa tairodi endi inayokaribia kuchomoka, sasa umefichwa, na hakuna atakayeitazama mpaka ichomoke njiani. Kwa hivyo sanduku likazwe baada ya viungo vyote kuthibitishwa, magurudumu ya mbele yakiwa yameinuliwa, kidogo kidogo, na kila mara usukani uzungushwe kutoka mwisho mmoja mpaka wa pili kuona kama pana mahali panaposhika. Mafuta yake pia yaangaliwe. Sanduku kavu halitengenezwi kwa skrubu.

Kuna ndugu wa ugonjwa huu tuliokwisha kumtaja: usukani mgumu. Kingpini zilizokosa grisi, au zilizokazwa kupita kiasi, au kiungo cha msalaba kwenye mti wa usukani kilichoshikwa na kutu, hufanya magurudumu yasirudi yenyewe katikati. Hapo usukani hauchezi kabisa, na bado gari halinyooki. Vitabu vya magari haya hueleza jinsi ya kupima ugumu wa kingpini kwa mizani ya ndoano, namna ile ile ya muuza samaki, draglinki na tairodi zikiwa zimefunguliwa. Fundi akiwacheka mkimwuliza juu ya mizani, mwonyesheni kitabu.

Na ile shoki ndogo iliyolala pamoja na vyuma vya usukani haiponyi ulegevu. Kazi yake ni kupunguza kutetemeka. Mpya itawafariji miezi miwili mitatu huku kiungo kinaendelea kulika.

Mkishajua ni kipi

Sasa mnaweza kwenda dukani, na mnakwenda na kile cha zamani mkononi. Tairodi endi hutofautiana unene, urefu na mkato wa nyuzi. Kwa kawaida ncha moja ya tairodi hufungwa kwa kuzungusha kulia na ya pili kushoto, kwa hivyo mtu akinunua mbili zinazofanana amepoteza nauli. Spea zilizovuliwa kwenye magari mabovu zinafaa kwa mambo mengi, mlango, kioo, hata giaboksi. Kwa kiungo cha usukani tunasema hapana.

Msikubali pia tairodi iliyopinda kunyooshwa kwa moto au kuchomelewa, wala kiungo kilicholika kugongwa kwa nyundo ili kibane. Tunajua mambo hayo hufanyika, na tunajua kwa nini: fedha hazitoshi. Basi gari likae. Wiki mbili za kukodi pikipiki na mikokoteni zinaumiza, lakini zinahesabika.

Kila nati ya kiungo ina tundu la pini ya kugawanyika inayozuia nati isifunguke njiani. Pini iwe mpya, si msumari wala waya wa kufungia mkaa. Mweka hazina au dereva, mmoja wenu, ailalie chini aione kwa macho kabla fundi hajalipwa. Na spea ya zamani irudi kikundini, iwekwe kwenye boksi na tarehe yake. Fundi mwema haoni haya kurudisha.

Viungo vikishabadilishwa, magurudumu hayatazami tena pale yalipokuwa yakitazama, kwa hivyo lazima yapimwe. Kama hakuna mashine ya alaimenti karibu, gari lisukumwe mbele kidogo kwenye sakafu tambarare. Tieni alama ya chaki nyuma ya kila tairi ya mbele, kwenye kimo cha katikati ya gurudumu, mpime kati ya alama mbili. Sukumeni gari mbele mpaka alama hizo zifike mbele kwa kimo kile kile, mpime tena. Land Rover za Series zinatakiwa kuwa nyembamba mbele kwa milimita 1.2 mpaka 2.4, yaani magurudumu yanatazamana kidogo. Zile za 110 ni kinyume chake: sawasawa kabisa, au pana mbele kwa milimita zisizozidi 2. Fundi anayeweka magari yote kipimo kimoja atawarudisha mlikotoka. Land Cruiser zina vipimo vyao kwa kila aina, na viko kitabuni.

Baada ya hapo rudieni ile alama ya chaki kwenye usukani, mwandike namba mpya chini ya ile ya zamani. Gari lijaribiwe tena kwenye njia iliyonyooka, tupu na kwa mzigo. Likishafanya kazi wiki moja, mtu alale chini tena na spana, aguse kila nati iliyofunguliwa, na upande ule wa feri na ufukweni pamwagiwe maji baridi ya bomba, hata kama ni ndoo mbili tu.